Mwaka wa Flaiwili Nyepesi

Athman alizikwa Alhamisi moja baada ya sala ya adhuhuri, na wanaume waliporudi kutoka makaburini na kukaa kwenye viti vya kukodi nje ya nyumba yake huko Mjambere, haukupita muda mazungumzo yakageukia gari. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, mgongo ukutani chini ya dirisha, nikasikia kila neno. Walisema aliwapiga Wazungu kwa mbio za magari mchana kweupe kwenye mlima wa Mazeras mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Walisema gari lake lilikuwa na tabo wakati ambapo hakuna fundi wa Mombasa aliyewahi kuitia kwenye gari dogo. Mzee mmoja aliyejifanya anajua kuliko wenzake akawaeleza kwamba siri yenyewe haikuwa tabo, ilikuwa flaiwili; kwamba marehemu aliitoa ile nzito ya kiwandani akatia nyepesi, na hapo gari likawa halishikiki. Wakacheka, kicheko kile cha matangani cha kujizuia. Bi Saumu, mkewe aliyeishi naye miaka yote hii na kumzalia watoto wake, akanisogezea mto na kuninong'oneza, "Wewe ndiye uliyekuwa naye wakati ule, dadangu. Ni kweli wanayosema?" Nikamwambia ni kweli. Hakuna walichoongeza wala walichozua. Chai niliyopewa ikapoa mkononi, maana walikuwa wanausimulia mwaka wangu, na mimi simo.

Mwaka ule tulikuwa tunakaa Magongo, vyumba viwili nyuma ya gereji ya Athman, na mimi nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Chumba cha kulala kilitengwa na gereji kwa mabati matupu, yale yaliyokwisha tumika kwenye paa la mtu mwingine, yana matundu ya misumari, na asubuhi jua likipiga upande wa gereji matundu yale yakitupa nukta za mwanga juu ya shuka. Kitanda chetu cha samadari nilikuja nacho kutoka kwetu Likoni. Hakikuweza kuegemezwa kwenye mabati kwa sababu upande wa pili paliwekwa benchi la spana, na kila spana ikirushwa juu ya benchi kitanda kililia. Kanga zangu zilinuka grisi hata zikitoka kuanuliwa. Nilikuwa mpenda usafi, nikipigana na grisi ile kila siku ya Mungu, na kila siku inanishinda. Lakini sikuwa na huzuni. Nilipenda kusikia mlio wa kazi kupitia mabati, na nilipenda kujua kwamba mume wangu yuko hapo, mabati tu yakinitenga naye. Nilitaka kitu kimoja katika dunia hii, mtoto wangu azaliwe salama, na kwa kuwa nilikuwa na nguvu na umri mdogo sikuona sababu ya kunyimwa.

Kila jioni alikuja Kazungu. Huyu alikuwa mtu wa Kaloleni, Mkristo, mkerezaji wa vyuma katika karakana kubwa pale Changamwe, na alikuwa rafiki wa Athman kuliko ndugu. Akila kwetu kama kwao. Mwezi wa Ramadhani alifunga pamoja nasi, akisema tumbo lake halijui dini ya mtu, kisha magharibi ikiingia hakuna aliyemshinda kwa kaimati. Niliwapikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, au mchicha na bamia siku ambazo mkono ulikuwa mfupi, wakila kwenye sinia moja mlangoni mwa gereji, na mimi nikila ndani upande wangu wa mabati. Sikuhitaji kutega sikio. Wanaume wakishashiba husema kwa sauti, na wale wawili walikuwa na jambo moja tu la kusema mwaka ule.

Jambo lenyewe ni gari la milango miwili, rangi ya maziwa. Mzungu mmoja wa Nyali alikuwa anafunga mizigo arudi kwao, kama wengi walivyofunga wakati ule walipoona bendera inakaribia kubadilishwa, na gari hilo lilimlemea. Athman alilipata pamoja na kasha la vipuri ambavyo Mzungu alikuwa ameagiza kwa ajili ya mashindano akakata tamaa kabla ya kuvifunga. Tabo aliipata kwingine: ilitoka kwenye mtambo wa kuchimbia uliokufa, akaibeba hadi nyumbani imefungwa gunia kama mtu aliyenunua kondoo. Alinieleza ni kitu gani nilipomuuliza. Ni pangaboi dogo linalozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nalo likizunguka linaisukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini hiyo hiyo, gari likapata pumzi mbili. Kasoro yake ni moja. Injini ikiwa inazunguka polepole, tabo imelala, na ikilala gari linakuwa na nguvu kidogo kuliko kabla hujaitia, maana injini yenyewe umekwisha ilegeza ili iweze kuvumilia ile hewa. Kuiamsha ni mpaka injini ikimbie. Alinieleza hayo huku akinichorea kwenye unga wa chapati kwa kidole, nami nikampiga mkono kwa mwiko kwa kunichafulia unga.

Klabu ya mashindano ya magari ilikuwa ya Wazungu tangu zamani. Mwaka ule ikatangaza kwamba mtu yeyote mwenye gari zima anaweza kushindana kupanda mlima wa Mazeras, na Athman tangu siku aliyosikia hakulala vizuri. Alikuwa amewatengenezea magari yao tangu alipokuwa kijana, akiyasikiliza, akiyaponya, akiwapa funguo na kupokea ahsante kwa kidole kimoja. Sasa alitaka waone mgongo wa gari lake. Namwelewa. Hata leo, na yote yaliyonipata, jambo hilo namwelewa.

Basi wakafika kwenye flaiwili. Nawakumbuka wamezilaza tatu sakafuni, nami nimesimama mlangoni na kikapu cha sokoni. Flaiwili ni sahani nzito ya chuma iliyofungwa nyuma ya injini, klachi inaikumbatia, na kazi yake ni kuushika mzunguko usikatike. Ya kwanza ilikuwa ya kiwandani, nzito, imeshika kutu ukingoni. Ya pili ilikuwa kama hiyo hiyo, aliipata Kazungu kwenye gari lililogongwa akaikereza, akaipunguza nyama kidogo mgongoni. Ya tatu ilitoka kwenye kasha la Mzungu, alumini, inang'aa, nami niliweza kuinyanyua kwa mkono mmoja na mimba yangu.

"Hiyo uliyonyanyua, shemeji, ndiyo inayomtia wazimu mumeo," Kazungu akaniambia.

"Si wazimu," Athman akasema. "Hebu sikiza, yakhe. Tabo yangu inalala mpaka injini ikimbie. Injini ikibeba jiwe la kusagia mgongoni, itakimbia saa ngapi? Ukiitua lile jiwe, ukigusa mafuta tu imeruka, na tabo imeamka."

"Nayo ikiruka upesi hushuka upesi. Ukiinua mguu ubadilishe gia, injini imeanguka, tabo imelala tena. Nzito ingekushikia. Chukua hii niliyoipunguza mimi, Athumani. Iko katikati."

"Katikati hawapewi kikombe."

"Na pale gari linapoondoka?" Kazungu akauliza. "Hiyo ya alumini haina kitu cha kukusukuma. Ukiachia klachi na injini iko chini, imezimika. Mashindanoni utaondoka na injini inapiga kelele, klachi iungue shauri yake. Mjini utafanyaje? Mlimani je, umesimama nyuma ya lori?"

"Mjini n'na miguu yangu miwili na najua kuitumia," Athman akajibu, na hapo shauri likakatwa. Kazungu hakuwa mtu wa kubishana mara mbili. Akachukua ile aliyoikereza kwa kazi yake mwenyewe akaiegemeza ukutani, akanawa mikono, akauliza kuna nini leo.

Siku zile zile nilimwambia Athman nilichokuwa nacho moyoni. Nilimwambia mbele ya chakula, na mtu wa kwetu hasemi zito mbele ya chakula, lakini nilisema. Nikamwambia gari hilo ndilo gari tulilo nalo, na mimi nitakuja kulihitaji. Akanitazama tumbo, akacheka kwa upole. Akasema, "Mashindano ni kabla ya mwezi wako, Zuhura. Yakishapita tu narudisha nzito, wallahi. Siku moja ya kazi. Nashusha giaboksi, naifunga, napandisha." Nilimwamini kwa kuwa hakuwa mwongo. Siyo kwamba alikuwa ananidanganya. Alikuwa anaamini mwenyewe. Mwongo ningemtambua nikajikinga naye.

Maisha na flaiwili nyepesi yakaanza, na mwanzoni yalikuwa kichekesho. Gari likisimama na injini inanguruma lilitikisika lote mpaka vioo vikalia. Likiondoka liliruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, au halikuondoka kabisa. Pale sokoni Magongo watoto walizoea kutungoja, na likizimika wakashangilia, na Athman akawapungia mkono kama gavana. Nilijua kusikiliza kupitia miguu yangu. Nilijua akianza kuachia klachi na mlio ukashuka, basi tumezimika; na kama ameyakanyaga mafuta mpaka mlio ukawa mkali wa kuumiza masikio, tutaondoka, na nyuma yetu harufu ya klachi inayoungua, harufu ambayo ikinifikia popote hadi leo najifunika pua kwa buibui. Kwa ajili ya kupunguza uzito zaidi akang'oa na nusu ya kiti cha nyuma. Mimi nilicheka nikamwambia ang'oe na mke pia.

Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mke. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna mtu aliyekaa chini akafikiri kama ni vyema au si vyema, kama vile mtu hakai akafikiri kama aoge kabla ya Idi. Binti anarudi kwao, anakandwa, analishwa, anazalishwa na mkunga aliyemzalisha mama yake, anamaliza arobaini yake, ndipo anarudi kwa mumewe na mtoto mkononi. Mama alikuja mwenyewe Magongo kunichukua, na kanga mpya za doti. Athman alikubali kwa heshima zote. Kutoka Magongo kwenda hospitali ya mjini ni barabara moja, unapita Makupa na umefika. Kutoka Likoni kuna feri. Sisi sote tulijua hilo, tumeipanda feri hiyo maisha yetu yote, na hakuna mmoja wetu aliyeyaweka mambo hayo mawili pamoja. Nimeyaweka pamoja mimi, baadaye, mara nyingi, na hayakunisaidia kitu.

Mvua zikaja nzito mwaka ule na mlima wa Mazeras ukawa matope. Klabu ikaahirisha. Athman alinieleza Jumapili moja alipokuja kunitazama Likoni, amekaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama anakula vitumbua. Nikamuuliza na flaiwili je. Akasema mashindano yamesogezwa kidogo tu, akishusha giaboksi sasa itabidi aishushe tena baada ya hapo, na kila ukifungua na kufunga unaharibu kitu. Akasema bado nina muda. Na kweli nilikuwa na muda, kwa hesabu ya wanawake wote waliokuwa katika nyumba ile. Nilikuwa katika mwezi wa nane.

Uchungu ulinishika Jumapili iliyofuata, asubuhi, Athman amekuja tena kunitazama na hajamaliza kunywa chai. Bi Mishi, mkunga wetu, aliitwa kutoka nyumba ya tatu. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya chini, na mikono ambayo ukiigusa tu unatulia. Akanipapasa, akanipapasa tena. Kisha akatoka akamwambia mama mlangoni, na mimi nikasikia, "Miguu yatangulia. Hapa si pahali pake. Mpelekeni mjini, na ndiani msikawie." Mtu angeweza kukimbia akatafuta teksi kwenye gati. Lakini gari lilikuwa mlangoni, na mwenye gari ndiye fundi bora wa pwani yote, na nani angemwambia mume ngoja kwanza tutafute gari la mtu mwingine. Kiti cha nyuma kilikuwa nusu. Akaingia Bi Mishi pamoja nami, mama akabaki ameshika nguzo ya baraza.

Kuteremka kuingia kwenye feri hakukuwa na taabu. Kuvuka hakukuwa na taabu. Kuna kitambo kidogo pale katikati ya maji ambapo uchungu uliniachia, nikaona kupitia kioo watu wamesimama na vikapu vyao wakitutazama, na mwanamke mmoja akaniombea dua kwa midomo. Lakini maji yalikuwa yamekupwa, kupwa kwa bamvua, na bahari ikikupwa namna hiyo mlima wa kutoka feri upande wa mjini unakuwa mrefu na mkali, na sehemu yake ya chini ina mwani wa kijani unaoteleza. Magari yakaanza kutoka. Mbele yetu lori la nazi. Likapanda, likafika katikati, likasimama, dereva wake anabishana na mtu. Athman akasimama nyuma yake. Hapo ndipo tulipozimika mara ya kwanza.

Sitasema ni mara ngapi. Alivuta breki ya mkono, akawasha, akakanyaga, akaachia klachi, mlio ukashuka, kimya. Tena. Gari likarudi nyuma kidogo na watu wakapiga kelele. Lori lilikwisha ondoka, njia ilikuwa nyeupe mbele yetu mpaka juu, na sisi hatuwezi kuipanda. Nilimwona shingo yake imelowa jasho. Nikamsikia anasema na gari, polepole, kwa upendo, kama alivyosema na magari yote: "Haya, haya, amka, amka." Akawa hana budi kuikanyaga injini mpaka mwisho ili tabo iamke na kuishika klachi nusu, na mlio ukajaa gari lote, ukajaa kichwa changu, mabati yote ya dunia yakitetemeka pamoja. Magurudumu yakateleza kwenye mwani. Moshi wa klachi ukaingia ndani. Ni katika mlio huo mwanangu alizaliwa. Nilimwona Bi Mishi anafungua kinywa kuniambia kitu na sikumsikia. Damu ilikuwa nyingi, akawa anapambana nayo. Akamfunga mtoto kwenye kanga, akaniwekea kifuani, akarudi kwenye damu. Alikuwa msichana. Alikuwa ananitazama mimi. Akafungua kinywa chake, akaukunja uso, akakifungua tena, na ulimi wake mdogo ukatetemeka ndani, na mimi sikusikia chochote ila injini. Kisha klachi ikashika, gari likaruka, tukapanda.

Nilipoamka nilikuwa wodini, na ilikuwa jioni, na mtoto hayupo. Muuguzi alinieleza alifika hana uhai. Mama yangu alikuwa ameketi pembeni, macho yamevimba, akaniambia wamekwisha mzika. Sisi hatukawizi maiti, na sikutegemea wakawize. Nikauliza, "Nani amemsalia?" Mama akatazama mikono yake. Akanieleza kwamba Athman alimchukua akampeleka kwao Magongo, na Sheikh wa pale akauliza kama inavyopasa: mtoto alilia? Maana aliyelia ameishi, anasaliwa kama mtu mwingine. Asiyeonyesha dalili ya uhai anaoshwa, anasitiriwa, anazikwa, basi. Bi Mishi aliulizwa akasema hakusikia kulia. Athman aliulizwa akasema hakusikia. Sheikh akahukumu kwa alivyosikia. Mwanangu akazikwa bila sala, na mimi, niliyemwona, nilikuwa nimelala kwenye shuka ya hospitali na hakuna aliyefikiri kuningoja.

Nilirudishwa Likoni nikakaa arobaini kama mwenye mtoto. Nilikandwa kama mwenye mtoto. Maziwa yalikuja na mama akayafunga kwa kitambaa. Bi Mishi alipokuja nilimweleza nilichoona, akakaa chini sakafuni, mwili wake wote mpana, akalia. "Niliulizwa kulia, mwanangu. Wangeniuliza jingine ningewaambia sikutazama, nilikuwa nazuia damu isikuchukue na weye. Kwa ule mshindo hata ng'ombe angelia nisingemsikia." Sikumlaumu. Nilingoja Athman.

Alikuja Jumapili, kwa miguu kutoka gatini. Gari alikuwa ameliacha upande wa pili. Alileta ndizi na nyama. Alikonda. Nikamwambia nilimwona anafungua kinywa, mara mbili, na anakunja uso, na kwamba watu wanaweza kwenda kaburini wakamsalia, haijachelewa, mama aliuliza na Sheikh wa kwetu amesema yafaa. Nikamwambia aende kwa Sheikh wa Magongo akaseme. Nikamuuliza, "Athman, kweli hukusikia?"

"Nilisikia mlio," akasema. Alikuwa anatazama ndizi. "Mwembamba, chini ya ule wa injini. Nikadhani ni beringi ya klachi."

Nikaziondoa ndizi mbele yake.

"Alipouliza Sheikh, ndipo nikajua si beringi. Nikamwambia sikusikia. Zuhura, ningesema nilisikia ningekuwa nimesema alikuwa hai mpaka pale mlimani."

Na ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa hai mpaka pale mlimani. Kama hakulia, basi alikufa tumboni, kwa amri ya Mungu, na hakuna flaiwili wala feri ndani yake. Nilimwona mume wangu amesimama baina ya mambo hayo mawili, na nilimwona amekwisha chagua. Nikamwomba. Nilimwomba kwa namna ambayo sijamwomba binadamu mwingine tangu hapo. Nikamwambia asiseme habari ya mlima, aseme tu kwamba mkewe alimwona akipumua, mimi nitabeba yaliyobaki. Akaniambia, "Baada ya mashindano, inshallah. Niache nipite hapo kwanza. Sasa hivi nikianza kusema, sitaweza kushika usukani." Akaondoka kabla ya alasiri ili aiwahi feri.

Alishindana mimi nikiwa bado ndani ya arobaini. Hiyo siku waliyokuwa wakiisimulia barazani ndiyo siku nilikuwa nimelazwa kwenye mkeka nimepakwa mafuta ya uto, nikasikia vijana wanapita njiani wanashangilia kwamba Athman wa Magongo amewapiga Wazungu. Kazungu alikuja kunieleza, kwa kuwa alidhani ni haki yangu kujua. Hakufurahi. Alisema gari liliondoka vizuri sana. Akakaa, akakataa chakula, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akaenda zake.

Baada ya mashindano ikawa baada ya kulipeleka gari Nairobi. Baada ya Nairobi ikawa baada ya Uhuru, na Uhuru ukaja, nikaisikia mizinga na mabaragumu ng'ambo, na mtoto wangu bado hajasaliwa. Ndipo nikataka talaka yangu. Alinipa bila ubishi, kwa heshima, na akaniletea kitanda changu cha samadari mpaka Likoni kwa mkokoteni. Hatukuzungumza tena ila salamu kwenye harusi na misiba. Kila nilipomwona nilingoja aniambie kwamba amekwenda kwa Sheikh. Sikumuuliza kwa sababu nilikwisha muuliza, na nilijua kwamba jambo lenyewe ni la wanaume, na kwamba mwanamume mwenye haki nalo ni yeye. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Wanawake hatuendi makaburini, tunakaa ndani, tunasikia takbira kupitia dirishani. Hata ile Alhamisi niliisikia, watu wengi, safu nyingi, wakimsalia Athman kwa sauti moja.

Nilipotoka kwenda zangu jioni, imamu aliyeongoza sala alikuwa amesimama ukumbini anavaa viatu. Kijana mdogo, ndevu hazijashika. Akaniamkia, "Shikamoo, bibi," nikamwitikia marahaba, na sijui ni nini kilichonishika, nikamweleza. Nilimweleza kwa ufupi, nimesimama, buibui mkononi: mtoto, injini, kinywa. Sikumtaja baba. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaniambia kwamba mtu aliyezikwa bila sala husaliwa kaburini, hata ukipita muda mrefu, ila yeye imamu hawezi, kwa kuwa siku ile hakuwa amezaliwa. Kwa madhehebu yetu wanaofaa ni wale waliokuwa watu wazima siku aliyofariki.

"Wote wamekufa," nikamwambia.

"Wewe hujafa, bibi. Ulikuwapo. Msalie wewe."

"Mimi mwanamke?"

"Wewe mwanamke. Ungeweza tangu siku ile."

Nikamwomba ayarudie maneno hayo, akayarudia. Akadhani nimechoka, akaniletea kiti, nikakaa. Akasema kwa upole kwamba si kazi ngumu, atanipeleka yeye mwenyewe kesho asubuhi kwa gari la msikiti, atasimama nyuma yangu anielekeze maneno. Akauliza kaburi liko wapi. Nikamwambia Magongo. Akauliza, Magongo pahali gani, maana makaburi yale ni makubwa, na watoto wachanga huzikwa pembeni bila jiwe, wengine juu ya wengine, lazima awepo mtu wa kutuonyesha. Sheikh aliyekuwapo alikwisha kufa zamani. Kazungu, aliyeshika jembe siku ile, alikwisha kufa. Mtu mmoja tu ndiye aliyebaki akipajua pale, na huyo tulikuwa tumemzika mchana.